Kidole cha Connie Zappala

Connie Zappala alikuwa na kazi mbili pale Port Hallam, na zote mbili zilikuwa za kuwaharakisha watu. Msimu wa kuvuna miwa alikaa chumba cha juu cha kiwanda cha sukari akipanga safari za treni ndogo za miwa: hii ipite, ile isubiri, dereva fulani amalize chai yake aondoke. Kiwanda kikizimwa, alihamia Banda la Chuma, ukumbi wa mpira wa kikapu ambao ikifika Desemba unaweza kuoka mkate ndani bila tanuri. Humo alikaa kwenye meza ndefu kando ya uwanja, mbele yake kidude chenye vitufe vitatu. Hiyo ndiyo saa ya sekunde ishirini na nne. Timu ikishika mpira, Connie anaiwasha. Ikifika sifuri kabla mpira haujarushwa golini, honi inalia na mpira wanapewa wenzao.

Kiwandani walimlipa. Kwenye banda walimpa sandwichi ya nyama na fulana yenye picha ya chura, maana timu ya mji ule iliitwa Vyura, nayo ilicheza ligi kuu ya nchi nzima pamoja na miji mikubwa mara kumi. Mashabiki wake, watu wazima wenye wajukuu na presha, walikuwa wakikoroma kama vyura wa mvua kila mgeni alipokwenda kurusha mpira wa adhabu. Connie hakukoroma. Watu wa meza hawashangilii wala hawazomei, na yeye alikuwa ameishika sheria hiyo miaka ishirini na sita. Alimzika mumewe Alfio siku ya Jumatano, Ijumaa akawa mezani. Wakasema ana moyo wa jiwe. Uongo mtupu. Moyo wake ulikuwa laini mno, na ile meza ndiyo mahali pekee duniani aliporuhusiwa kuuweka kando kwa saa mbili.

"Tazama mpira, usitazame mtu," ndivyo alivyowafundisha wote waliokuja kujifunza ile kazi. Wengi waliacha baada ya mechi tatu. Aliyedumu naye ni Glenice Hardcastle peke yake, mshika saa kubwa ya mchezo, mwanamke wa kumung'unya pipi za mnanaa tangu mpira unaanza hadi unakwisha na kusengenya bila kusogeza midomo.

Sasa, Vyura walikuwa na desturi yao. Kinda wa mwaka wa kwanza hapangishiwi nyumba. Analala kwa mtu wa timu, anakula wanachokula, anaosha vyombo, ili mji umjue na yeye aujue mji. Septemba ile mwenyekiti wa timu, Des Quilty, muuza pampu za maji mwenye sauti ya pampu, alimpigia Connie simu.

"Una vyumba vitatu vitupu, Connie. Nakuletea mtoto."

"Ana ukubwa gani huyo mtoto?"

"Mita mbili na kidogo."

Ndiye Jomen Gela, miaka kumi na tisa, kutoka kisiwa cha Badu huko juu kaskazini kwenye mlango wa bahari wa Torres, mtoto wa mzamiaji wa kambakoche. Alishuka kwenye gari la Quilty kwa mafungu, miguu kwanza, halafu mengine yakafuata. Kitanda hakikumtosha; Connie alikiongezea makreti mawili ya maziwa na godoro la kochi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Connie hakuwa na subira hiyo. Usiku ule ule alimtupia kitambaa cha kufutia vyombo.

"Shangazi, hata kukaa sijakaa," Jomen akasema. Kwao kila mwanamke wa makamo ni shangazi, hakuona sababu ya kubadilisha.

"Ukikaa utasinzia. Futa sahani, ukimaliza utaniambia mama yako anaitwa nani."

Mtoto alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Aliruka utadhani sakafu inamuunguza, na mikono yake ilifika mahali ambapo mikono ya wenzake ilisikia habari tu. Kocha Rade Vukas, mtu wa maneno machache na kahawa nyingi, alimtazama mazoezini siku ya kwanza akasema, "Hm." Wachezaji wa zamani wakaambiana kwamba hawajawahi kumsikia akimsifu mtu kiasi hicho.

Ila Jomen alikuwa na ugonjwa mmoja. Akishika mpira alisahau dunia. Angedunda, angezunguka, angemdanganya beki wa kwanza na wa pili, halafu amrudie wa kwanza amdanganye tena kwa utamu wake tu, mpaka honi inalia na mpira bado uko mkononi. Ugenini watazamaji wakaijua habari yake. Walikuwa wakimhesabia kwa sauti, tano, nne, tatu, naye anachanganyikiwa anarusha mpira kwenye viti vya watu. Nyumbani honi ilikuwa ya Connie mwenyewe. Mechi ya tatu ya msimu alimlizia mara tatu.

Usiku huo kwenye meza ya chakula, Jomen alizigeuzageuza tambi kwenye sahani kabla ya kusema.

"Shangazi, leo umenikata mara tatu."

"Mimi? Saa ndiyo iliyokukata. Mimi nina kidole tu."

"Hicho kidole kingesinzia kidogo, ungepungukiwa nini?"

"Kikisinzia leo kwa ajili yako, kesho kitasinzia kwa ajili ya mwingine, na mimi nitakuwa bibi anayechezea vitufe. Kula."

Alikula. Connie alimwangalia akila na roho ikamuuma, maana kweli alitamani kisinzie.

Ndipo wakaanza darasa. Kila jioni baada ya chakula Connie aligonga meza na mwiko, Jomen akafumba macho na kuhesabu, akiona zimefika ishirini na nne anyanyue mkono. Wiki ya kwanza ilikuwa vichekesho. Mara alinyanyua kwenye kumi na saba, mara kwenye thelathini na mbili, na siku moja alilala kabisa.

"Hesabu zako ni za mvuvi," Connie alimtania. "Samaki watatu ukisimulia wanakuwa kumi."

"Kwetu hatuhesabu, Shangazi. Baba akienda chini kwenye mwamba hahesabu. Pumzi ndiyo inamwambia panda."

Connie akaacha kucheka.

"Basi acha namba," akasema. "Vuta pumzi moja, iachie polepole, uniambie ikifika sekunde ishirini na nne iko wapi."

Jomen alivuta, akaachia. Connie aligonga ilipotimia. Wakarudia mara nyingi, hata nyanya za mchuzi zikaungua. Kufikia Krismasi yule mtoto aliweza kukata vitunguu huku anaongea na dada zake kwenye simu, na kwenye sekunde ya ishirini na tatu ananyanyua kidole bila kuangalia kitu. Pumzi ilikuwa imehamia tumboni ikajifanya saa.

"Toka jikoni kwangu," Connie akamwambia. "Unataka kuniibia kazi."

Vyura wakaanza kushinda. Jomen aliacha kuangalia saa iliyo juu ya goli. Ugenini walimhesabia mpaka wakakauka koo, yeye anasubiri kwa raha zake, ikibaki moja anarusha. Mwuza nyama aliandika jina lake kwenye kioo cha duka. Watoto wa shule walitembea kama yeye, magoti nje. Timu ambayo kwa miaka kumi na moja haikuona hata mlango wa nne bora sasa ilikuwa imebakiza mechi moja: ikishinda inaingia, ikishindwa inakwenda kulala.

Na Des Quilty akatia lake. Alilisema kwenye chakula cha wafadhili, kipaza sauti mkononi, kwa hiyo ikawa kama limeandikwa. Tukiingia nne bora, kinda anabaki mwaka wa pili. Tusipoingia, nafasi yake naifuta, naleta Mmarekani.

Jumapili alasiri, Connie alipojifuta jasho na kukaa mbele ya vitufe vyake, alilijua hilo. Glenice alilijua. Jomen, aliyekuwa akifunga kamba za viatu hatua nne kutoka kwao, alilijua kuliko wote. Wageni walikuwa Kunguru wa Launceston, watu wa kusini kwenye baridi, na lile joto la bandani lilikuwa limewalegeza wakaonekana kama mboga za jana. Hata hivyo hawakukubali. Zikiwa zimebaki sekunde kumi mchezo uishe, Kunguru themanini na nane, Vyura themanini na saba, na mpira ni wa Vyura.

Nahodha wa Vyura alirusha kutoka kona.

Hapa lazima uelewe kitu kimoja. Mpira uliorushwa ukigusa chuma cha goli kisha timu ile ile ikauokota, mtu wa saa anawaongezea muda hadi sekunde kumi na nne. Ukigusa ubao tu bila chuma, haongezi kitu, saa inaendelea pale ilipokuwa. Connie alikuwa ametofautisha chuma na ubao mara maelfu. Alikuwa akitofautisha hata kwa masikio.

Safari hii hakuwa akiutazama mpira. Alikuwa akimtazama Jomen. Alimwona akijipenyeza kati ya Kunguru wawili wenye mabega kama makabati, alimwona anaruka, na moyo ukamtoka kwenda naye juu. Jomen akaudaka mpira. Kidole cha Connie kikabonyeza kumi na nne.

Ubao. Ulikuwa ubao. Sauti ilimfikia akilini ikiwa imechelewa, na kabla hajabonyeza, saa yake ilikuwa imebakiza sekunde mbili. Jomen alitoka kwenye msongamano na mpira, akadunda, akasita kidogo ambapo hakuzoea kusita, kisha akarusha. Ulipita katikati ya wavu bila kuugusa ukingo. Themanini na tisa kwa themanini na nane. Bati la paa likatetemeka kwa kukoroma kwa watu elfu nne, na kocha wa Kunguru, zikiwa zimebaki sekunde tatu, akaomba muda wa mapumziko.

"Shoga, mbona umekuwa mweupe?" Glenice akauliza.

"Ile ya kona haikugusa chuma."

Glenice akaacha kumung'unya pipi. "Mimi sikuona kitu. Na wewe hukuona kitu."

"Niliona. Zilikuwa zimebaki mbili. Amerusha baada ya tano."

"Connie. Waamuzi hawajui, Kunguru hawajui, wanabishana habari ya faulo. Yule mtoto analala kwako."

"Najua anapolala."

Alitazama benchi la Vyura. Jomen alikuwa amekaa, taulo kichwani, anatazama viatu vyake. Connie alipenda kumsikia mtoto yule akiimba bafuni asubuhi. Alipenda makreti ya maziwa kwenye kile chumba. Akasimama. Akamwita mwamuzi.

"Kosa langu," akasema. "Nimewaongezea muda usiokuwa wao."

"Una hakika, mama?"

"Ningekuwa sina hakika ningekuwa nimekaa."

Waamuzi wakakutanisha vichwa. Bao likafutwa, saa ikarudishwa, mpira wakapewa Kunguru. Vyura wakalazimika kucheza faulo ili saa isimame, Kunguru wakatumbukiza mipira yao miwili ya adhabu, basi. Tisini kwa themanini na saba. Banda zima lilinyamaza, na ni katika ukimya huo Connie alipokunja waya za kidude chake, akazitia mfukoni, akatoka.

Quilty alimkuta kwenye maegesho.

"Miaka ishirini na sita, Connie. Na siku unayochagua kukosea ndiyo hii."

"Sikuchagua kukosea, Des. Nimechagua kusema."

"Ungechagua kesho."

Mji ulimnunia. Siyo wote, lakini mji mdogo wakinuna nusu unaona wamenuna wote. Kwenye foleni ya mwuza nyama mtu alisema kwa nguvu, makusudi, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Connie hakugeuka. "Kama ni mimi ninayekula," akamwambia mwuza nyama, "basi nipimie kilo mbili za soseji." Mwuza nyama alicheka kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Siku mbili Jomen aliingia na kutoka, akaosha vyombo, akasema ndiyo na hapana. Ya tatu alikuja jikoni asubuhi Connie anakanda unga, akajikunja kwenye kiti.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Pumzi iliisha nikiwa bado na mpira. Nikasubiri honi yako. Haikulia. Nikasema, Shangazi hakosei, basi ni mimi nimekosea. Nikarusha."

Connie akaacha kukanda.

"Halafu nilipokaa benchi nikajua kabisa kwamba sikukosea," Jomen akaendelea. "Nikaangalia viatu. Nilikuwa naomba Mungu usiwe umeona."

"Nimekufukuzisha kazi, mwanangu."

"Ndiyo."

"Umenikasirikia?"

"Nilikasirika sana. Mpaka jana saa sita hivi. Halafu nikasikia njaa, na kwenye friji kulikuwa na ile sahani umenifunikia, na nikakasirika tena kwa sababu ilikuwa tamu." Akajipangusa pua na nyuma ya mkono. "Baba kanipigia. Anasema nimwambie yule mama kwamba mtu wa juu kwenye boti, anayemshikia kamba mzamiaji, akidanganya mara moja tu hakuna atakayezama naye tena."

Connie alilia palepale, mikono imejaa unga, hana cha kujifutia. Jomen alinyanyuka akamtupia kitambaa cha vyombo.

Quilty alitimiza neno lake, nafasi ikafutwa. Lakini kocha Rade alikaa na simu na kahawa mchana mmoja mzima, na mtu aliyempigia alikuwa kocha wa Kunguru, ambaye hakuhitaji kubembelezwa. Alikuwa amemwona kijana kwa macho yake. Mkataba wa miaka miwili, Launceston, huko ambako samaki wakivuliwa wameshapoa tayari.

"Hm," Rade akasema alipoleta habari, akanywa kahawa ya Connie vikombe viwili.

Connie alimpa Jomen koti la Alfio. Mikono ya koti iliishia kwenye viwiko vya mtoto. Walicheka, halafu hawakucheka, halafu basi la uwanja wa ndege likaja.

Mezani Connie hakufukuzwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka ile kazi kwenye joto lile. Mwezi wa Novemba uliofuata Kunguru walikuja Port Hallam. Mmarekani wa Quilty alikuwa mchezaji mzuri, tusimwonee, na Vyura walikuwa mbele kwa pointi moja katika sekunde za mwisho. Mpira ulikuwa mkononi mwa Jomen, jezi nyeusi mwilini, na watu wale wale waliompenda msimu uliopita walikuwa wakimhesabia kwa sauti ya kupasua bati. Nane. Saba. Sita. Hakuiangalia saa. Connie naye hakumwangalia yeye. Aliutazama mpira, ule mpira tu, kidole juu ya kitufe. Tatu. Mbili.

Ukaruka. Honi ikalia ukiwa hewani. Ukaingia.

Banda lilichachamaa. Bao limechelewa, limechelewa, watu elfu nne walisema, na Quilty kwa sauti yake ya pampu aliwashinda wote. Mwamuzi, mmoja wa wale wale wa msimu uliopita, hakwenda kwa yeyote mwingine. Alikuja moja kwa moja mezani, akainama.

"Mama, mpira ulipomtoka mkononi ilibaki ngapi?"

Connie alinyoosha mkono akaonyesha kidole kimoja. Mji mzima ukamzomea. Naye akaukalia mkono wa pili, usije ukapiga makofi.